Kwenda Kusoma Mbali: Jina la Chuo na Gharama Zake katika Historia ya Barawa, Kisimayu na Visiwa vya Bajuni



Kila mwaka majibu ya vyuo yanapotoka, katika nyumba zetu huanza mjadala ule ule. Kijana amemaliza shahada ya kwanza na anataka kwenda nje kusoma ya pili. Amepeleka maombi, akapata nafasi mbili. Moja ni katika chuo ambacho jina lake hata bibi aliyeko Kisimayu amelisikia, lakini ada yake ni ya kuuza nyumba. Ya pili ni katika chuo ambacho mtaani hakuna anayekijua, nacho kimempa ufadhili au kinatoza kidogo. Baba hushika upande wa jina, akisema jina ndilo litakalomfungulia mtoto milango. Mama huuliza deni litalipwa na nani. Kisha hupigiwa simu mjomba aliyeko London au Oslo ili atoe rai yake, na mara nyingi hutakiwa atoe na fedha pamoja na rai.

Wengi wetu hudhani kuwa mjadala huu umeletwa na zama za ndege na viza. Lakini watu wa visiwa vya Bajuni na mwambao wa Kisimayu, pamoja na jirani zetu wa Barawa na Lamu, wamekuwa wakiupima mzani huu kwa zaidi ya miaka 150. Tumeona ni vyema tuirudie historia hiyo kwa sababu ina jambo ambalo vijitabu vya vyuo havilisemi: thamani ya jina la chuo hupanda na kushuka, na kwetu sisi imepanda na kushuka mara kadhaa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Safari ya jahazi

Kwa wazee wetu neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na kwenda chuoni ni kwenda kwa mwalimu wa Qur'ani. Mtoto wa Chula, Chovai, Koyama au Ngumi alianza hapo hapo kisiwani. Akionekana ana kichwa cha kusoma, alipelekwa kwa masheikh wa miji mikubwa: Barawa upande wa kaskazini, Siyu, Pate na Lamu upande wa kusini, na baadaye Unguja. Wachache zaidi walivuka bahari kwenda Hadhramaut, Makka au Misri.

Gharama ya safari hiyo haikuhesabiwa kwa fedha tu. Majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na yakarudi na kusi. Kusi nalo likikaza mwezi wa Juni na Julai bahari hufungwa, hakuna chombo kinachothubutu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka kwenda Mukalla au Shihr, na kutoka hapo kupanda kwa ngamia hadi Seiyun na Tarim, alikuwa na nafasi chache tu za kuondoka katika mwaka, na nafasi chache tu za kurudi. Aliyekwenda alikwenda kwa miaka. Kwa familia ya wavuvi hiyo ndiyo ilikuwa ada yenyewe, kwani mkono mmoja ulipungua katika mashua na katika shamba, na aliyebaki alifanya kazi ya wawili.

Lakini alipofika huko, hakudaiwa malipo ya darasani. Ribat ya Tarim, iliyoanzishwa mwaka 1886, iliendeshwa kwa wakfu na sadaka, na sehemu ya mali hiyo ilichumwa na Wahadhrami waliokuwa wakifanya biashara Singapore na Java. Katika Al-Azhar wanafunzi wa kila nchi walikuwa na riwaki yao, yaani sehemu yao ya kulala na kusomea, na walipewa mgao wa mikate kila siku. Mkate huo haukumtajirisha mtu, ila ulimwezesha maskini kukaa Cairo miaka kumi bila ya kumwandikia baba yake barua ya kuomba fedha.

Na jina je? Jina lilikuwepo, na watu walilijali sana kama tunavyolijali leo. Tofauti ni kuwa halikukaa kwenye jengo. Aliyerudi aliulizwa amesoma kwa nani, kitabu gani, na nani alimpa ijaza. Ijaza ilimtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, ikapanda hivyo hadi kwa mwenye kitabu. Mtu aliweza kukaa Makka miaka mitano akarudi bila ya jina, na mwingine akasoma kwa sheikh mmoja mji wa pili akarudi nalo.

Wawili waliotoka Barawa

Mfano mzuri ni wa wanazuoni wawili wa Barawa ambao walichagua njia mbili tofauti kabisa.

Wa kwanza ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, aliyezaliwa Barawa mwaka 1838. Hakwenda mbali. Alishuka Unguja akasoma kwa Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Barawa na alikuwa kadhi katika dola ya Sayyid Said. Kwa maneno ya leo tungesema alichagua chuo cha karibu, chenye mwalimu wa kwao. Hajafika umri wa miaka 20 aliteuliwa kuwa kadhi wa Kilwa, na baadaye akawa kadhi Unguja kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1896, na hadi leo hakuna anayeandika historia ya wanazuoni wa Afrika Mashariki akamruka.

Wa pili ni Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847. Yeye alikwenda mbali kuliko karibu wote wa wakati wake, hadi Baghdad, kwenye kitovu cha Qadiriyya, akarudi na idhini kutoka kwa watu wa nyumba ya Sheikh Abdulqadir al-Jilani wenyewe. Aliporudi miaka ya 1880 tarika ilienea kwa mkono wake kutoka Benadir hadi Unguja na bara ya Tanganyika, na masultani wa Unguja walimpokea kwa heshima. Aliuawa mwaka 1909 na wapinzani wake katika bara ya Somalia.

Ukiwaweka pamoja utaona kila mmoja alilipa gharama iliyolingana na kazi aliyokuwa akiiendea. Kadhi wa Kilwa alihitaji fiqhi ya Shafi na mwalimu aliyekwisha kukata kesi za watu wa pwani hii, za mirathi, minazi, majahazi na watumwa. Mwalimu huyo alikuwa Unguja, hakuwa Baghdad. Sheikh Uways alihitaji silsila isiyokuwa na mashaka, na silsila hiyo isingepatikana karibu kwa bei nafuu. Tunavyoona sisi, Amawy angekwenda Baghdad angepoteza miaka, na Uways angebaki Unguja angebaki khalifa mmoja miongoni mwa wengi.

Wako pia waliofanya yote mawili. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa tayari ni kadhi alipoiacha kazi na kusafiri hadi Istanbul na Cairo, kisha akarudi Unguja kuwa kadhi tena. Mtu wa namna hiyo leo tungemwita aliyeacha ajira kwenda kusoma akiwa mkubwa, na pengine wakwe zake wangemlaumu.

Wasichana walikuwa na hesabu nyingine, kama walivyo nayo leo, kwa sababu ya mahram na nauli ya watu wawili. Hata hivyo mwanamke anayetajwa zaidi katika elimu ya Barawa, Dada Masiti, ambaye tungo zake za Kichimini bado zinasomwa, elimu yake aliipata mjini kwao Barawa kwa masheikh wa hapo, na alifariki mapema katika karne ya 20 akiwa ni mtu wa kutegemewa na wakubwa wa mji.

Kibanda cha Langoni

Kisa kingine kinachofaa kusimuliwa kwa vijana ni cha Riyadha ya Lamu.

Habib Swaleh bin Alawi Jamal al-Layl alikuja Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19. Wakati huo elimu ya Lamu, na heshima yake, ilikuwa katika misikiti ya zamani upande wa Mkomani, mikononi mwa nyumba kubwa. Habib Swaleh akakaa Langoni, upande wa wageni na maskini, akafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakupenda kuwaona wakisoma: watumwa na watoto wa watumwa, na wahamiaji wasiokuwa na nasaba ya kujivunia. Mahali pa mwanzo palikuwa kibanda cha udongo na makuti. Mwongozo wake ulitoka Seiyun kwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, ambaye ribat yake pia ilijulikana kwa jina la Riyadh.

Mzazi wa miaka ya 1890 aliyetafuta jina kwa mwanawe asingempeleka Langoni. Lakini Habib Swaleh alipofariki mwaka 1936, Riyadha ndiyo iliyokuwa ikivuta wanafunzi kutoka pwani yote na kutoka bara, na maulidi yake hadi leo yanajaza mji wa Lamu watu wa nchi kadhaa. Zile nyumba kubwa za Mkomani nazo zikawa zinahesabu fahari kuhusishwa nayo. Kutoka Kisimayu hadi Lamu ni takriban kilomita 280 tu kwa mstari ulionyooka, na kwa mtu wa visiwani ni safari ya kupitia Kiamboni na Kiunga, kisiwa hadi kisiwa, miongoni mwa jamaa.

Mpaka wa 1925

Hapa ndipo historia yetu inapoachana na ya ndugu zetu wa Lamu, na ndipo penye funzo kubwa, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Mwaka 1895 Waingereza waliichukua pwani hii kuwa himaya yao, na Kisimayu pamoja na visiwa vikawa ndani ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa Kisimayu mwaka 1915, tuseme, alizaliwa chini ya gavana wa Nairobi. Katika vita vya kwanza vya dunia Waitalia waliahidiwa ardhi ili wapigane upande wa Waingereza na Wafaransa, na malipo ya ahadi hiyo yakawa Jubaland. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1924 na makabidhiano yakafanywa mwaka 1925. Visiwa vya Bajuni vikakatwa: Kiunga, Faza na Siyu zikabaki Kenya, na Chula, Chovai na Koyama zikaingia Somalia ya Kiitalia. Binamu wawili waliokuwa wakivua bahari moja wakawa na serikali mbili na lugha mbili za ofisi.

Basi yule mtoto wa 1915 akiwa na miaka kumi lugha ya mkubwa ilikuwa Kiingereza, na mara ikawa Kiitalia. Chini ya Wafashisti shule ya Mwafrika ilikomea madarasa ya chini. Mwaka 1941 Waingereza wakaiteka Kisimayu, na kwa miaka tisa Kiingereza kikarudi. Mwaka 1950 Umoja wa Mataifa ukairudisha nchi mikononi mwa Italia kwa miaka kumi ili iiandae kwa uhuru, na Kiitalia kikarudi. Tarehe 1 Julai 1960 Somalia ya kusini na ya kaskazini zikaungana, moja ikiwa na makarani wa Kiitalia na nyingine makarani wa Kiingereza, wakawa wanaandikiana barua wasizoelewana. Mwaka 1972 serikali ikaamua Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini na kitumike katika shule na ofisi. Mtu huyu wakati huo ana miaka 57, na tayari ameshaona vyeti vya lugha mbili vikipanda na kushuka, na cha tatu kinaanza. Kibajuni chake hakikuwahi kuwa lugha ya ofisi yoyote.

Ufadhili wa Roma na ufadhili wa Cairo

Katika ile miaka kumi ya 1950 ndipo vijana wa Somalia walipoanza kupelekwa nje kwa wingi kidogo, na ndipo hasa suala la jina na gharama lilipoanza kufanana na la leo.

Italia ilitoa nafasi za kusoma kwake, na mwaka 1954 ilianzisha Mogadishu taasisi ya sheria na uchumi ambayo baadaye ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Taifa. Misri nayo ilitoa nafasi Cairo na kuleta walimu wa Kiarabu. Shahada ya Roma ilikuwa ndiyo ngazi ya kuingia serikalini. Ya Cairo ilikuwa rahisi kwa familia: lugha mtoto ameshaianza chuoni, chakula na malazi vimelipiwa, na wazazi wana amani na dini yake. Wengi walikwenda Cairo wakiwa na uwezo sawa na wa waliokwenda Roma. Uhuru ulipofika, kazi za serikali zilifanywa kwa Kiitalia na Kiingereza, na waliosoma kwa Kiarabu wakapata taabu kuingia ofisini. Walionekana waliokwenda Cairo wamekula hasara.

Haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1974 Somalia ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na katika miaka hiyo hiyo mafuta yalipanda bei na Ghuba ikafungua kazi kwa maelfu ya Wasomali. Huko Jeddah na Abu Dhabi hakuna aliyeuliza habari za Roma. Kiarabu kilichokuwa hasara mwaka 1962 kikawa ndicho kinachojenga nyumba mwaka 1978.

Moscow ilikuwa na hadithi yake fupi. Chuo Kikuu cha Urafiki kilianzishwa mwaka 1960 na kubeba jina la Patrice Lumumba, na vijana wa Kiafrika walikipata bila ya ada. Mwezi wa Novemba 1977, katika vita vya Ogaden, serikali ya Mogadishu iliwafukuza washauri wa Kisovieti, na njia hiyo ikafungika.

Ama Wabajuni, wachache ndio waliopata sehemu katika nafasi hizi zote. Jamii ndogo ya wavuvi, isiyo na ukoo mkubwa wa kuisemea Mogadishu, umbali wa kilomita 500 kutoka Kisimayu, haikuwa mbele katika orodha. Ndugu zetu wa upande wa Kenya angalau walikuwa na ile taasisi ya ufundi ya Waislamu iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1951, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Haikuwa na jina la Makerere, lakini ilitoa mafundi waliojua kazi.

Kisha ukaja mwaka 1991. Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa kikifundisha sehemu kubwa kwa Kiitalia, kwa msaada wa Italia, na hata mwanafunzi aliyesoma sekondari kwa Kisomali alilazimika kwanza kujifunza Kiitalia ndipo asome udaktari au uhandisi. Serikali ilipoanguka watu wetu walipanda mashua na majahazi hadi Mombasa, na wengi wakakaa kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa mwaka 1997. Aliyekuja na cheti cha Mogadishu alikuja nacho kwenye mji ambao ofisi zake zinasoma Kiingereza, na chuo chenyewe hakipo tena kujibu barua ya kukithibitisha. Waliofika Uingereza na nchi za Ulaya bila ya karatasi yoyote walitakiwa wathibitishe Ubajuni wao kwa ulimi wao, wakihojiwa kwa kinasa sauti majina ya visiwa na samaki. Hiyo ndiyo hali iliyotufanya wengi wetu leo tuogope vyeti visivyojulikana na kukimbilia majina makubwa. Hofu hiyo ina asili yake na hatuidharau.

Hesabu ya leo

Tukirudi kwa kijana wetu mwenye barua mbili, historia hii inatuelekeza kuuliza mambo ambayo ada peke yake haiyaonyeshi.

La kwanza ni cheti kitasomwa wapi. Anayerudi Kenya atahitaji shahada yake itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na hilo huulizwa kabla ya kulipa, si baada ya mahafali. Anayekusudia kufanya kazi Kisimayu ana hesabu nyingine. Kisimayu yenyewe imekuwa na chuo kikuu chake tangu 2005, na ukienda huko katika ofisi na hospitali utakuta waliosoma Mbale, Khartoum, Malaysia na Uturuki, kwa sababu huko ndiko milango ilikofunguka: Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, tangu 1988, kile cha kimataifa cha Malaysia tangu 1983, Madina tangu 1961 na ufadhili wake kamili, na ufadhili wa serikali ya Uturuki uliopanuka tangu 2012. Kwa mwajiri wa hapo, jina la Mbale halihitaji maelezo.

La pili ni usalama wa njia, ambao wazee waliujua kwa pepo na sisi tunaujua kwa vita. Kwa miaka mingi Khartoum ilikuwa jibu la familia zisizo na uwezo: karibu, Kiarabu, nafuu, na chuo cha kimataifa cha Afrika kilichojaa vijana wetu. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza mjini humo, na wanafunzi wakatoka kwa mabasi hadi mpakani na Port Sudan, wengine wakiwa wamebakisha muhula mmoja. Unafuu wa ada haukuwarudishia miaka.

La tatu ni riba. Katika Uingereza ada ya shahada ya kwanza ilipandishwa hadi paundi 9,000 kwa mwaka tangu 2012, na mwaka 2016 serikali ikaanzisha mkopo wa shahada ya pili, wakati huo hadi paundi 10,000, wenye riba juu ya kiwango cha mfumuko wa bei. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu mikopo hii, na kila familia ina sheikh wake wa kumuuliza. Sheria ya 2017 iliruhusu uanzishwe mpango wa mkopo usio na riba kwa ajili ya Waislamu, lakini hadi 2025 mpango huo ulikuwa haujafunguliwa. Wapo vijana wetu wanaosubiri tangu wakiwa sekondari, na sasa wana watoto.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kuwa vyuo vyenye majina makubwa mara nyingi huuza shahada ya pili kwa bei kamili, ilhali uzamivu, hasa Marekani katika fani za sayansi, kwa kawaida huja na posho na msamaha wa ada, hata katika vyuo vya majimbo ambavyo majina yao hayavumi. Mwenye nia ya kuwa mtafiti anaweza kuruka gharama ya jina kabisa. Mwenye nia ya kazi ya benki au sheria hawezi kuiruka kirahisi hivyo, kwani katika fani hizo watu huajiriana kwa kujuana, na chuo chenye jina huuza kujuana huko. Kwa hiyo baba anayeshika upande wa jina hakosei kila mara. Anakosea anapolishika kabla ya kuuliza mtoto anakwenda kusomea nini.

Na ufadhili nao una masharti yake. Chevening ya Uingereza hulipa kila kitu kwa mwaka mmoja, lakini hukutaka urudi nchini kwenu kwa muda usiopungua miaka miwili, na wetu wenye pasipoti ya Uingereza hawana fungu humo. Norway, ambako jamaa wengi wako, ilikuwa bila ya ada kwa wote hadi 2023 ilipoanza kuwatoza wanaotoka nje ya Ulaya. Ujerumani vyuo vingi vya serikali bado havitozi ada, ila mwombaji hutakiwa aonyeshe fedha za kujikimu katika akaunti maalumu, na kuanzia Septemba 2024 kiasi hicho kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Kwa kijana wa Majengo au Kisauni, chuo cha bure chenye sharti hilo si cha bure.

Hapo ndipo mama zetu wanapoingia. Katika Somalia mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ambao Waswahili wengine huuita upatu, kina mama wengi wanauita ayuuto. Neno hilo ni la Kiitalia, aiuto, maana yake msaada, na pengine ndilo lililodumu kuliko vyeti vyote vya wakati ule. Familia kumi zikikubaliana kuwa zamu ya kwanza na ya pili ziende kwa mwanafunzi, zile euro za akaunti ya Ujerumani hupatikana bila ya benki na bila ya riba, na kwa kuwa fedha hizo hutolewa kwa mwanafunzi kidogo kidogo kila mwezi akiwa huko, kijana akipata kazi ya saa chache anaweza kuanza kuzirudisha kabla hajamaliza. Lakini hilo lataka lianze mapema, angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba viza, na liandikwe mbele ya mashahidi: nani ametoa kiasi gani, na atarudishiwa lini.